Barua ya wazi kwa Serikali na Bunge la Ufaransa: turuhusuni kuvitumikia vijiji tunamoishi

Mheshimiwa Waziri Mkuu,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa,
Waheshimiwa Wabunge na Maseneta,
Mheshimiwa Prefekti wa Creuse, mwakilishi wa Serikali mkoani,

YAH: UHABA WA MADIWANI NA MAKARANI KATIKA KOMUNI NDOGO, NA HAKI YA KURA YA WAKAZI WASIO RAIA

Ninawaandikia kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa, chenye wakazi wasiofika mia moja. Mimi ni Mtanzania. Ninawahudumia wazee katika makao yao yaliyo kwenye mji mdogo wa jirani, nina nyumba hapa kijijini, ninalipa kodi ya majengo kama wenzangu, na watoto wangu hupanda basi la shule kila asubuhi mbele ya kanisa pamoja na watoto wengine wachache waliobaki. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoimudu katika jambo zito, na kwa kuwa ningependa wasemaji wenzangu wanaoishi katika vijiji vya nchi hii, wawe wametoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, waisome bila mkalimani. Nakala yake ya Kifaransa nimemkabidhi meya wetu aifikishe kwenu.

Shida yetu ni kwamba komuni, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa hapa Ufaransa, inakosa watu wa kuiendesha, ilhali sheria inawazuia mlangoni watu ambao wapo, wanaijua, na wako tayari kuitumikia. Naomba mnisikilize kwa makini, maana mara nyingi vijiji vyetu vinapotajwa Paris hutajwa kama mzigo wa kupunguzwa.

Ufaransa ina komuni zipatazo 34,900, na zaidi ya nusu yake zina wakazi wasiofika 500. Wako wanaosema idadi hiyo ni kubwa mno kwa nchi moja. Lakini kila komuni, hata iliyo ndogo kabisa, ina majukumu ambayo ni lazima yatekelezwe na mtu fulani, mahali fulani. Tangu sheria ya tarehe 14 Desemba 1789 iliyozianzisha, na ile ya tarehe 5 Aprili 1884 iliyozipa umbo zilizo nalo hadi leo, wakazi huchagua baraza, na baraza humchagua meya miongoni mwa wajumbe wake. Meya huyo, katika kijiji cha watu tisini, ana mamlaka yaleyale ya msingi aliyo nayo meya wa jiji lenye watu laki tisa: hufungisha ndoa akiwa amevaa mshipi wa rangi tatu, huandikisha vizazi na vifo, huwajibika kwa usalama barabarani na makaburini, na hujibu mbele ya sheria ukuta wa jengo la umma ukimwangukia mtu.

Jijini, majukumu hayo yana idara, wanasheria na wahandisi. Hapa yana meya, madiwani wachache, karani mmoja asiye wetu peke yetu, na mtunza barabara anayefanya kazi kwa muda. Theluji ikianguka usiku, meya ndiye anayempigia simu mkulima mwenye trekta afungue njia ya vitongojini kabla basi la shule halijafika. Mti ukiangukia barabara, yeye ndiye anayeamka. Bomba la maji likipasuka siku ya Jumapili, hatafutwi mtu mwingine. Kanisa letu, ambalo ibada hufanyika mara chache kwa mwaka kwa sababu padri mmoja anahudumia parokia kubwa mno, ni mali ya komuni kama yalivyo makanisa mengi ya nchi hii yaliyojengwa kabla ya sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na dola. Kwa hiyo paa lake likivuja, baraza la watu saba, ambao baadhi yao hawajawahi kusali humo, ndilo linalojaza fomu za kuomba ruzuku na kulinganisha bei za mafundi wa paa. Posho ya meya wa komuni ya aina yetu ni takriban yuro elfu moja kwa mwezi kabla ya makato. Sijawahi kumsikia akiilalamikia. Anacholalamikia ni kwamba hajui atamwachia nani ufunguo wa ofisi.

Mkoa wetu unaonyesha wazi jambo hili lilivyotufika. Katikati ya karne ya 19, Creuse ilikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo haizidi sana 115,000. Wanaume wake walikuwa waashi waliokwenda kwa miguu kujenga Paris na Lyon, wakirudi majira ya baridi, kisha wakaanza kutorudi. Vita ya 1914 ikachukua wengine. Katika kijiji cha Gentioux, kwenye mnara wa mashujaa uliojengwa mwaka 1922, mtoto yatima amesimama akiwa amekunja ngumi mbele ya maneno yanayoilaani vita, na ukisoma majina yaliyochongwa pale unaelewa kwa nini mashamba mengi ya huku yaligeuka msitu. Baadaye zikafuata shule, ofisi za posta, vituo vya reli na madaktari, kila huduma ikiondolewa kwa hoja kwamba watu waliobaki ni wachache, na kila kuondolewa kukiwafanya waliobaki wawe wachache zaidi. Siwalaumu nyinyi mlioko madarakani leo kwa historia ya miaka 150. Ninachowaomba ni msiiendeleze kwa sheria.

Sheria ya tarehe 21 Mei 2025 imebadilisha namna ya kuchagua mabaraza ya komuni zenye wakazi wasiofika 1,000, kuanzia uchaguzi wa Machi 2026. Zamani mtu aliweza kugombea peke yake, na mpigakura aliruhusiwa kukata jina asilolitaka na kuongeza jingine. Sasa ni lazima wagombea wajipange katika orodha moja, mwanamume na mwanamke wakipishana, na karatasi yenye jina lililokatwa ni kura iliyoharibika. Ninakubaliana kwa moyo wote na lengo la usawa: baada ya uchaguzi wa 2020, mameya wanawake walikuwa takriban mmoja katika kila watano, na hiyo ni aibu kwa nchi ambayo wanawake wake walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa komuni, tarehe 29 Aprili 1945. Hata hivyo, mlipoandika sheria hiyo mlijua kwamba vijiji vitakosa watu wa kujaza orodha, ndiyo maana mkakubali kwamba katika komuni yenye wakazi chini ya 100 orodha iweze kupungukiwa na majina mawili, na baraza la viti saba lihesabiwe kuwa kamili likiwa na watu watano. Yaani mliuona uhaba, na dawa mliyoitoa ikawa kupunguza viti. Kuongeza watu wanaoruhusiwa kuvikalia hamkukufikiria.

Watu hao wapo. Katika vijiji vya Limousin, Dordogne na Charente kuna familia za Waingereza zilizonunua nyumba zilizokuwa zikiporomoka na kuzirudishia paa na moshi. Walipokuwa raia wa Umoja wa Ulaya waliruhusiwa kupiga kura na kugombea udiwani, na hadi Machi 2020 zaidi ya 700 kati yao walikuwa madiwani nchini kote, wengi wakiwa katika komuni ndogo. Kisha nchi yao ikajitoa katika Umoja, nao wakapoteza viti. Hawakuhama, hawakuacha kulipa kodi, wala hawakusahau mahali yalipo mabomba ya maji ambayo walikuwa wamesaidia kuyachora kwenye ramani. Kilichobadilika ni mkataba uliosainiwa mbali na vijiji vyao. Wako na wengine: Wamoroko wanaofanya kazi misituni, Wakongo na Wakomoro wanaohudumia wagonjwa, Waafghani waliopokelewa wakiwa wakimbizi na ambao watoto wao ndio waliookoa darasa lisifungwe. Mimi ni mmoja wao.

Naomba niwaeleze hali yetu ilivyo kisheria, kwa kuwa ukiipanga hoja kwa hoja utaona haishikamani. Taasisi ya takwimu ya taifa, INSEE, inapohesabu wakazi, inatuhesabu na sisi. Kwa hesabu hiyo ndipo inapojulikana kama komuni itakuwa na madiwani 7 au 11, na ruzuku itakayoipata kutoka Serikali Kuu huzingatia idadi hiyohiyo. Kwa hiyo viti vya baraza vipo kwa sababu yetu pia, lakini hatuwezi kuvikalia wala kumchagua atakayevikalia. Tangu sheria ya Oktoba 1981 tunaweza kuongoza vyama vya kijamii, na ndiyo maana katika kijiji chetu mwenyekiti wa kamati ya sherehe amewahi kuwa mtu asiye na kura. Tunaweza kuwa wazimamoto wa kujitolea, na tukiitwa usiku kwenda kuzima moto katika ghala la nyasi tunakwenda. Lakini baraza likiamua kama tangi la maji ya kuzimia moto lichimbwe upande wa juu au wa chini wa kijiji, sisi tunakaa kwenye viti vya nyuma na kunyamaza.

Kunyamaza huko kunaniuma kwa namna ambayo pengine mzaliwa wa hapa hawezi kuihisi. Sheria ya serikali za mitaa ya Tanzania inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 ambaye ni mkazi wa kawaida wa kijiji hicho. Nilikulia katika mikutano hiyo, chini ya mwembe, ambapo mwenyekiti husoma mapato na matumizi, na bibi kizee asiyejua kusoma humuuliza fedha za kisima zimekwenda wapi, naye hana budi kujibu. Sisemi mikutano ile haina kasoro. Mara nyingine haiitishwi kwa wakati, na mara nyingine taarifa ya fedha haisomwi kabisa. Hata hivyo msingi wake umewekwa mahali panapofaa, nao ni ukazi. Hapa vikao vya baraza viko wazi kwa umma, na hilo nalishukuru, ila anayehudhuria hana haki ya kusema.

Najua jibu ambalo huwa tunapewa: ombeni uraia. Wapo wanaouomba, na ninawatakia heri. Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mimi kuwa Mfaransa ni kuacha kuwa Mtanzania, na kumwambia mama yangu kwamba nitaingia kwake nikiwa mgeni. Huo ni uamuzi mzito mno kuudai kwa mtu anayetaka tu kushiriki kuamua ratiba ya kufyeka kando ya barabara. Zaidi ya hayo, Jamhuri yenyewe ilikwisha kukubali kwamba kura ya komuni inaweza kutenganishwa na uraia. Mliporekebisha Katiba tarehe 25 Juni 1992 kwa ajili ya Mkataba wa Maastricht ulioanzisha Umoja wa Ulaya, mliwafungulia raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, nao wamepiga kura tangu uchaguzi wa 2001. Mjerumani aliyenunua nyumba ya mapumziko na kuhamia rasmi anaandikishwa katika daftari la wapigakura. Mkongo aliyeishi hapa miaka ishirini, akazika mume wake katika makaburi ya kijiji, haandikishwi.

Jambo hili halina ugeni wala ajabu. Sweden imewaruhusu wakazi wa kigeni kupiga kura katika chaguzi za mitaa tangu miaka ya 1970, Denmark na Uholanzi tangu miaka ya 1980, Ubelgiji kwa sheria ya 2004, na Ireland iliwatangulia wote mwaka 1963. Ufaransa nayo ilikwisha kuahidi. François Mitterrand, alipogombea urais, aliliweka katika ahadi zake 110 za mwaka 1981. Baraza la Taifa, yaani bunge la wabunge, lilipitisha muswada tarehe 3 Mei 2000. Seneti ikaupitisha, baada ya kuufanyia marekebisho, tarehe 8 Desemba 2011. François Hollande, naye akigombea urais, aliahidi tena mwaka 2012. Kwa zaidi ya miaka arobaini ahadi hii imepita mkono kwa mkono bila kufika kwa wenyewe.

Kwenu Maseneta nina neno la pekee, kwa kuwa nafahamu wasiwasi wenu. Wapigakura wanaowachagua nyinyi, karibu 95 katika kila 100, ni wajumbe wa mabaraza ya komuni, nanyi mnaogopa kwamba diwani wa kigeni atapata sauti katika kuunda chombo cha mamlaka ya taifa. Lakini ibara ya 88-3 ya Katiba imekwisha kulitatua hilo: diwani raia wa Umoja wa Ulaya hawezi kuwa meya wala naibu wa meya, wala hashiriki kuwateua wapigakura wa Seneti. Tupeni masharti yaleyale. Mkitaka miaka mitano ya ukazi kwanza, iwekeni. Sina haja ya mshipi wa rangi tatu; nina haja ya kusoma bajeti ya komuni na kuinua mkono.

Nageukia sasa suala la karani, ambalo ni la dharura zaidi, na halihitaji kubadilisha Katiba.

Ofisi ya meya wetu hufunguliwa nusu siku mara mbili kwa wiki. Ndani yake kuna meza, sanamu ya Marianne, mwanamke aliye nembo ya Jamhuri, kabati la rejista za vizazi, ndoa na vifo, na karani anayehudumia komuni tatu, akisafiri na kompyuta yake kutoka moja hadi nyingine. Yeye ndiye anayeandaa bajeti na kuandika kumbukumbu za vikao. Ndiye anayejua ni kaburi gani limekwisha muda wake na ni shamba gani lina njia ya umma katikati. Tangu huduma za Serikali zihamie kwenye intaneti, wazee humjia na barua za kodi, za pensheni na za bima ya afya ili awasaidie kuzijibu, kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya na ambayo hawezi kuikataa, kwa sababu anayeomba ni jirani mwenye umri wa miaka 84 asiye na gari. Nafahamu kwamba mmeanzisha vituo vya France Services, vya kuwasaidia wananchi kupata huduma za Serikali, tangu 2019, na kwamba vinasaidia. Cha kwetu kiko mjini, na mzee huyo hawezi kukifikia peke yake.

Mlitunga sheria nzuri tarehe 30 Desemba 2023 ya kuinua hadhi ya makarani hawa na kuwafungulia njia ya kupandishwa cheo, na wao wenyewe wamefurahi kuona kazi yao imetajwa kwa jina. Lakini hadhi haijazi nafasi zilizo wazi. Wengi wao wanakaribia kustaafu, wanaotaka kuwarithi ni wachache, na komuni yenye bajeti kama yetu haiwezi kuwalipa watu wawili kwa wakati mmoja, hata kwa miezi michache. Matokeo yake karani anaondoka Ijumaa, mgeni anaingia Jumatatu, na ujuzi wa miaka thelathini unabaki kichwani mwa mtu aliyekwisha kwenda. Ninaiomba Serikali igharamie kipindi cha kukabidhiana cha miezi sita, karani mpya akikaa meza moja na yule anayestaafu, katika kila komuni yenye wakazi wasiofika 500. Hakuna fedha itakayotumiwa vizuri kuliko hiyo katika mikoa kama wetu.

Watakaosema kwamba dawa ni kuziunganisha komuni ndogo, sheria ya Machi 2015 imekwisha kuwapa nafasi wanaotaka, na wako waliofaidika nayo. Naomba tu lisilazimishwe. Nchi hii inaelewa kwamba komuni haipimwi kwa idadi ya vichwa pekee: karibu na Verdun kuna vijiji sita vilivyoteketezwa mwaka 1916 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Fleury-devant-Douaumont kikiwa kimojawapo, ambavyo havina mkazi hata mmoja, na hadi leo kila kimoja kina meya anayeteuliwa na Prefekti, kwa heshima ya waliokufa. Ikiwa Jamhuri inaweza kuvilinda vijiji visivyo na mtu, haiwezi kutuambia sisi tisini kwamba hatutoshi.

Na mameya wenyewe wanachoka. Zaidi ya 2,000 wamejiuzulu tangu uchaguzi wa 2020. Tarehe 5 Agosti 2019, Jean-Mathieu Michel, meya wa Signes katika mkoa wa Var, aliuawa kwa kugongwa na gari alipokuwa akijaribu kuwazuia watu waliokuwa wakitupa vifusi kando ya barabara ya komuni yake. Kila meya wa kijiji huijua habari hiyo, na kila mmoja amewahi kusimama peke yake mbele ya gari la namna hiyo.

Creuse ina mbunge mmoja na maseneta wawili. Kwa kuanzia ninawaomba hao watatu waurudishe muswada wa mwaka 2011 mezani, na ninamwomba Prefekti aorodheshe makarani wote wa mkoa watakaostaafu kabla ya 2030 na kuitangaza orodha ya nafasi hizo sasa, kabla hazijawa tupu. Baraza letu hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, jioni, katika chumba kilicho juu ya shule iliyofungwa. Mmoja wenu akipenda kuja kusikiliza, karani ataniarifu tarehe, nami nitampokea kituoni Guéret, makao makuu ya mkoa, na kumleta.

Natanguliza shukrani zangu.

Mkazi wa kijiji, Creuse